Habari za Juu

Saa nne na robo usiku nafungua mlango wa banda
kwa bega, maana barafu imeushika kama mdai.
Mbwa wa Gerth wamejikunja thelujini, mikia puani;
mmoja anainua sikio, ananijua, analilaza tena.

Ndani, puto linakunywa heliamu polepole,
jeupe, limepakwa poda kama mtoto aliyetoka kuoga.
Chini yake nafunga uzi, na mwisho wa uzi
kisanduku chepesi kuliko mkate
chenye kazi moja tu: kupanda na kusema.

Nakimbia nalo hatua saba, kisha naachia.
Sisemi sala. Nasema: habari za juu?

Nacho hujibu. Kila sekunde hujibu,
mkwaruzo mdogo kwenye skrini ya ofisi:
hapa baridi inapungua, kinyume cha desturi;
hapa unyevu; hapa upepo umegeuka,
unakimbia kuliko gari lolote la mji huu
(tunayo manne).

Dalili ya mvua ni mawingu, sawa.
Lakini dalili ya barafu inayonata juu ya bawa
ndani ya wingu lisilo na sura ya ubaya, ni nini?
Hata goti la mama yangu,
lililotabiri dhoruba miaka arobaini,
haliumi kwa mambo ya mita elfu tatu.

Jumanne ile moshi wa kila nyumba ulipanda wima.
Bendera ya shule ililala juu ya mlingoti wake.
Ila tarakimu zilikuja vingine:
unyevu tele, nyuzi kumi chini ya sifuri,
maana yake matone yaliyokataa kuganda,
yanangoja kitu cha kugandia.
Nikazituma. Kule Aislandi rubani Hallbjörn
akazisoma, kikombe mkononi, akavua kofia.
Ndege haikuja.

Dukani wakaninunia.
Viazi vimekwisha. Betri zimekwisha.
Thomasine, anayengoja miwani tangu Oktoba,
akasema akitazama rafu tupu:
"Siku shwari kama hii. Abelone na puto lake."

Ningejibu nini? Sina ushahidi.
Ajali ambayo haikutokea haiachi mabaki,
haina kaburi la kuwekea mshumaa.
Labda Hallbjörn angepita salama.
Nimewaza hivyo nikikoroga kahawa,
zaidi ya mara moja.

Mwaka juzi gesi haikufika siku tisa.
Utabiri ulitoka vilevile,
penye pengo letu wakakisia,
kama mtu anayeshona kiraka gizani.
Siku ya sita helikopta ilirudi na kioo kimepasuka.
Boas, fundi, alishuka, akaketi thelujini,
akavua glavu, akazitazama
kama anazihesabu vidole.
Tangu hapo sijachelewa hata dakika.

Watu huamkiana: hujambo, sijambo.
Sina jambo. Mshahara wangu ndio huo,
jambo lisiwepo.

Alhamisi ndege ilitua. Viazi, betri, barua,
na kikasha kidogo chenye jina la Thomasine.
Alivaa miwani palepale uwanjani, akanikazia macho.
"Umezeeka," akasema.
Hakuna aliyesema ahsante, wala sikuitazamia.

Usiku huo alikuja bandani bila kualikwa,
akasimama mlangoni akinipotezea joto.
Nikamwambia ashike uzi. Akaushika
kwa mikono miwili, kama unaweza kuumia.
Mbalamwezi ilikuwa kali.
Nikakimbia hatua zangu saba, nikaachia,
nikalifuata kwa macho juu ya kanisa,
juu ya mlima, mpaka likawa nukta,
mpaka nukta ikaniponyoka.

"Bado naliona," akasema Thomasine.
Nikasubiri. Vidole viliniuma kwa baridi.
"Bado."
Mbwa mmoja akajinyoosha, akajikunja upya.
"Bado."